Bastola za Chuma Kitupu: Jinsi ya Kuzipima na Kuzilinganisha

Ukifungua vitabu vya silaha utakuta M1911 imeandikwa kilo 1.1, CZ 75 mahali pamoja ni kilo 1 na pengine kilo 1.12, na Browning Hi-Power inapanda na kushuka kati ya gramu 900 na kilo nzima. Hakuna aliyedanganya. Mmoja alipima bastola ikiwa na magazini tupu, mwingine aliitoa magazini, na wa tatu alipima toleo la miaka mingine kabisa. Anayezishika namba hizo kama zilivyo anaweza kuipenda au kuikataa bastola kwa sababu ambayo haipo.

Mwongozo huu ni kwa mwenye kibali anayetaka kuchagua kwa busara, kwa mlengaji wa mashindano, na kwa yeyote anayevutiwa na mitambo hii iliyochongwa kabla ya fremu za plastiki kutawala soko. Kwetu Afrika Mashariki si habari za mbali. Nchini Kenya jina Ceska, yaani CZ, husikika mara kwa mara katika taarifa za polisi, na pembeni yake Jericho na Browning. Ceska na Jericho ni za ukoo mmoja, na Browning ni jina la mtu ambaye karibu kila bastola ya kisasa inadaiwa kitu naye.

Kwanza hakikisha haina kitu

Usipime wala usimpe mtu bastola kabla hujaikagua. Elekeza mtutu upande usio na mtu, kidole kikae nje kabisa ya kifyatulio. Toa magazini kwanza, ndipo uvute nyuma slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachorudi unapokoki. Ukianza na slaidi huku magazini ingali ndani, ukiiachia itasukuma risasi nyingine chemba na utakuwa umeijaza wewe mwenyewe. Chungulia chemba kwa macho, kisha ingiza ncha ya kidole uhisi kwamba ni tupu. Hata kama aliyekukabidhi amefanya hayo yote mbele yako, rudia.

Hi-Power inastahili onyo la peke yake. Ndani yake mna kizuizi kinachofanya isifyatue magazini ikiwa nje, na kwa sababu hiyo watu wengi wamejenga imani kwamba magazini ikitoka, hatari imekwisha. Risasi iliyomo chemba bado imo. Ukirudisha magazini, hata iliyo tupu, kifyatulio kinarejea kazini. Kizuizi hicho kinakandamiza uso wa mbele wa magazini kila unapovuta kifyatulio, ndiyo maana wengi hukiona cha Hi-Power kuwa kizito na chenye mikwaruzo, na ndiyo maana magazini zake haziteremki zenyewe kwa wepesi. Unapotaka kujaribu kifyatulio chake dukani, hakikisha chemba ni tupu, ingiza magazini tupu, na umwombe mwenye duka ruhusa.

Pima mara mbili, piga hesabu mara moja

Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha. Pima bastola bila magazini, kisha pima ikiwa na magazini tupu. Namba ya kwanza inakuonyesha fremu, slaidi na mtutu peke yake. Ya pili ndiyo ambayo viwanda vingi huandika. Ukikutana na maandishi ya Kimarekani yenye aunsi, zidisha kwa 28.35 upate gramu: aunsi 39 za M1911 ndizo hizo kilo 1.1.

Namba ya tatu, uzito wa bastola iliyojaa, huna haja ya kuipima. Ipige hesabu. Risasi moja ya 9×19, ile inayoitwa Parabellum, ina gramu 12 hivi pamoja na ganda lake. Risasi ya .45 ACP ya kawaida ina gramu 21 hivi. Sasa tazama hesabu inavyogeuza mambo. M1911 inabeba risasi 7 za .45, nyongeza ya gramu 150 hivi, ikafika kama kilo 1.25. CZ 75 ya gramu 1,000 yenye risasi 15 inaongezewa gramu 180, ikawa kilo 1.18. Beretta 92FS ni gramu 950 hivi tupu, ikijaa risasi 15 ni kilo 1.13. Hi-Power yenye risasi 13 inabaki karibu na kilo 1.1.

Weka pembeni Glock 17, bastola ya fremu ya plastiki iliyotoka Austria mwaka 1982. Ikiwa na magazini tupu ni gramu 700 hivi, na ikijaa risasi 17 inafika gramu 900. Kwa namba za tupu, CZ 75 inaizidi kwa asilimia 43. Zikijazwa zote mbili, tofauti inashuka hadi asilimia 30. Bado ni tofauti kubwa, nakubali, lakini si ile inayosimuliwa. Mtu anayebeba bastola kutwa anabeba iliyojaa. Mlengaji naye anaanza na iliyojaa na kumaliza na iliyo tupu, huku gramu 180 zikimtoka kwenye mpini na uzito ukisogea mbele, kuelekea mtutuni. Ukiwahi kuhisi risasi za mwisho zinakaa mkononi kwa namna tofauti na za kwanza, sababu mojawapo ni hiyo.

Chuma si kimoja

Watu wakisema "bastola ya chuma" huchanganya vitu viwili. Kuna zile ambazo fremu na slaidi zote ni chuma cha pua: M1911, Hi-Power, CZ 75 ya kawaida, Jericho 941 ya asili, SIG P210 ya Uswisi. Na kuna zile ambazo slaidi ni chuma cha pua lakini fremu ni aloi ya alumini: Beretta 92, SIG P226, na Walther P1 ya jeshi la Ujerumani Magharibi. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina gramu 7.8 hivi, ya alumini ina gramu 2.7 au 2.8. Fremu ikibadilishwa kutoka chuma kwenda alumini, inapungua kwa karibu theluthi mbili bila umbo lake kubadilika.

Mfano mzuri ni Colt Commander. Mwaka 1949 jeshi la Marekani liliomba bastola nyepesi ya maofisa, isiyozidi aunsi 25, yaani gramu 710 hivi. Colt wakaichukua M1911, wakafupisha mtutu kutoka milimita 127 hadi 108, wakaipa fremu ya alumini. Miaka ya 1970 wakatoa ndugu yake wa chuma kitupu, Combat Commander. Umbo lile lile, lakini ya chuma ina kilo moja hivi na ya alumini ina robo tatu ya kilo. Ukipata nafasi ya kuzishika zote mbili, moja kila mkono, utajifunza mengi kuliko kwenye majedwali.

Alumini ina bei yake, na bei hiyo hulipwa mahali ambapo chuma kinagonga fremu. Walther P1 inaonyesha hilo wazi. Toleo lake la mwanzo lilirithi umbo la P38 ya chuma, ila fremu ikawa ya alumini. Baadaye kiwanda kikapitisha kipini cha chuma chenye pembe sita kukatiza fremu, pale ambapo mtutu unafungana na kusukuma, kwa sababu alumini peke yake ilikuwa ikichakaa. Ukishika P1 ya zamani, tafuta kipini hicho juu ya kifyatulio. Kama hakipo, ni toleo la mwanzo, na haifai kulishwa risasi kali.

Tahadhari ndogo kuhusu Jericho: ya asili, iliyotoka Israeli mwaka 1990, ni chuma kitupu chenye kilo 1.1 hivi, lakini yapo matoleo ya baadaye yenye fremu ya plastiki na jina lile lile. Muulize muuzaji ni ipi, kisha iweke kwenye mizani.

Uzito umekaa wapi

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Bastola mbili zenye uzito sawa zinaweza kukaa mkononi kwa namna mbili tofauti kabisa, kwa sababu uzito wa slaidi unakimbia huku na huko kila risasi inapotoka, ilhali uzito wa fremu unatulia kiganjani.

Ichukue CZ 75, iliyosanifiwa na František Koucký akisaidiwa na kaka yake Josef, huko Uherský Brod katika iliyokuwa Chekoslovakia. Tazama kwa upande, pale slaidi inapokutana na fremu. Kwenye bastola nyingi slaidi inaikumbatia fremu kwa nje. Kwenye CZ 75 ni kinyume: kingo za fremu zimepanda juu, na slaidi inateleza ndani yake. Wazo hilo lilikuwa limeshatumika kwenye SIG P210, iliyoingia jeshi la Uswisi mwaka 1949. Faida yake ni kwamba slaidi inakuwa nyembamba, nyepesi, na inakaa chini karibu na mkono. Mtutu ukiwa chini, mshtuko unasukuma kiganja moja kwa moja kuliko kuinua mdomo wa bastola. Slaidi pia inashikwa na reli ndefu, haitikisiki, na hilo linasaidia shabaha.

Hasara yake utaijua ukijaribu kukoki. Sehemu ya slaidi inayobaki nje ni kijisehemu tu, vidole havina pa kushika, na mikono ikiwa na jasho inateleza. Mwenye vidole vizito au mwenye baridi yabisi aijaribu hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Umbo hilo la CZ lilipendwa hadi likaigwa na wengi. Tanfoglio wa Italia walilitengeneza, na Jericho ya Israeli ilianza kwa kutumia sehemu kutoka kwao. Ndiyo maana nimesema Ceska na Jericho ni za ukoo mmoja: ukiziweka bega kwa bega utaiona ile slaidi ndani ya fremu kwenye zote mbili.

M1911 na Hi-Power ni mzee na kijana wa mhunzi mmoja. John Browning aliikamilisha ya kwanza, jeshi la Marekani likaipokea mwaka 1911. Ya pili aliianza lakini hakuimaliza. Alifariki Ubelgiji mwaka 1926, na Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN akaikamilisha hadi ikatoka mwaka 1935. Zivunjevunje kwa usafi uone tofauti. Chini ya mtutu wa M1911 kuna kiungo kidogo kinachobembea. Ndicho kinachoushusha mtutu ili ujinasue kutoka kwenye slaidi. Kwenye Hi-Power kiungo hicho hakipo. Mahali pake pana nundu ya chuma iliyochongwa pamoja na mtutu, yenye mkato wa mshazari unaofanya kazi ile ile. Kipande kimoja kimepungua, na kile cha kubembea ndicho kilichokuwa kikichakaa. Bastola nyingi zilizofuata, CZ 75 ikiwemo, zilifuata njia ya Hi-Power.

Na Hi-Power ilifanya jambo ambalo bado linanishangaza kila ninapoishika: iliweka risasi 13 katika safu mbili zilizopishana, ikabaki na mpini mwembamba unaoenea hata mkono mdogo. Beretta 92, iliyotoka miaka 40 baadaye, ina mpini mnene kuliko huo kwa kuongeza risasi 2 tu.

Beretta yenyewe inatembea njia yake. Mtutu wake hauinami. Unarudi nyuma ukiwa umenyooka, na kipande cha kufungia kinashuka chini yake, mtindo uliotoka kwa Walther P38. Slaidi imekatwa wazi juu, mtutu unaonekana karibu wote. Inapungua uzito na ganda linatoka bila kizuizi. Lakini slaidi iliyokatwa hivyo ina kuta nyembamba ubavuni, na miaka ya 1980 baadhi ya slaidi zilikatika zikiwa mikononi mwa wanajeshi wa Marekani. Toleo la 92FS likaja na kichwa kikubwa kwenye kipini cha nyundo, ili slaidi ikikatika isiruke usoni mwa mfyatuaji.

Makarov nitaipitia haraka kwa kuwa si ya daraja hili, ila inafundisha jambo moja. Ina gramu 730, mtutu wake umekazwa kwenye fremu na hakuna kufuli lolote linaloufunga na slaidi. Kinachozuia slaidi isirudi mapema ni uzito wake na springi tu. Kwa hiyo uzito wa slaidi ya Makarov ni sehemu ya usalama wake, na ndiyo maana inatumia risasi hafifu ya 9×18 badala ya 9×19.

Mshtuko na mkono

Kwa risasi ile ile, bastola ya gramu 700 inarudi nyuma na nishati inayozidi ile ya bastola ya kilo moja kwa zaidi ya asilimia 40. Hii ndiyo hoja kuu ya wapenda chuma, na ni ya kweli. Mlengaji mpya anayeanza na CZ 75 ya chuma kwa risasi za 9×19 hujifunza kutotishika mapema kuliko anayeanza na bastola nyepesi. Kwa wanaoshindana, kama kwenye mashindano ya IDPA yanayofanyika Kirigiti, Kiambu, uzito huo unarudisha shabaha mahali pake haraka. Ila soma kanuni kwanza, kwa maana kila daraja lina kikomo chake cha uzito.

Uzito hausaidii kitu kama kidole hakifiki. Shika bastola tupu ipasavyo, mtutu ukiwa sambamba na mfupa wa mkono wako, na uone ncha ya kidole inatua wapi kwenye kifyatulio. M1911 ina kifyatulio kifupi kinachokwenda nyuma kwa kunyooka, na mvuto wake hauna mfano katika kundi hili. Ukiondoa SIG P210, sijaona cha kuushinda. CZ 75 na Beretta, nyundo ikiwa chini, zinataka mvuto mrefu wa kwanza ambao mwenye vidole vifupi ataulalamikia.

Sasa makufuli, na hapa naomba usome taratibu. Kwenye M1911, Hi-Power na CZ 75 kufuli liko kwenye fremu: kulipandisha ni kufunga, kulishusha ni kufungua. Kwenye Beretta 92FS kufuli liko kwenye slaidi, na kulishusha ndiko kufunga. Makarov nayo kufuli lake liko kwenye slaidi, lakini kulipandisha ndiko kufunga. Mtu mwenye Ceska nyumbani na Beretta kazini anaufundisha mkono mmoja maagizo mawili yanayopingana. Chagua mfumo mmoja na ubaki nao.

CZ 75 ya kawaida haina wenzo wa kushusha nyundo. Anayetaka kuibeba nyundo ikiwa chini huku chemba ina risasi hulazimika kuvuta kifyatulio huku amezuia nyundo kwa kidole gumba. Usifanye hivyo. Yapo matoleo yenye wenzo huo, yameandikwa BD, na kwa mtu huyo ndiyo yanayomfaa. Herufi B peke yake nayo ina maana: bastola hiyo ina kizuizi cha pini ya kufyatulia, hivyo ikianguka kwa mdomo haitajifyatua. CZ 75 za mwanzo hazina.

Ukiwa mbele ya bastola iliyotumika

Bastola hizi nyingi zina umri mkubwa. FN waliacha kutengeneza Hi-Power ya asili mwishoni mwa miaka ya 2010, kwa hiyo utakayoikuta huenda imepita mikono mingi. Chukua tochi ndogo. Kagua reli za fremu, hasa za alumini, kama zina nyufa au zimeng'aa upande mmoja. Toa kipini cha kuzuilia slaidi ukitazame kwa makini. Kwenye CZ 75 ndicho kinachojulikana kuvunjika, na cha akiba ni bei ndogo. Kwenye Beretta angalia kipande cha kufungia, masikio yake yasiwe na ufa. Badilisha springi ya slaidi bila kujadiliana. Kisha angalia magazini, maana bastola nzuri yenye midomo ya magazini iliyopinda itakwama siku zote, na wewe utailaumu bastola.

Hukumu yangu ni hii. Kwa uwanja wa shabaha na kwa mtu wa bastola moja, nachagua CZ 75 B ya chuma, mradi vidole vyako vinaweza kuikoki. Kwa mkono mdogo, Hi-Power. Kwa kubeba kiunoni kutwa nzima, chuma kitupu ni adhabu: chukua fremu ya alumini, na ununue mkanda mgumu kabla ya kununua bastola, kwa sababu mkanda laini unaifanya hata gramu 750 ivute suruali chini. M1911 ninaiheshimu kwa kifyatulio chake, lakini risasi 7 kwa kilo 1.25 ni gharama ambayo anayeanza hana sababu ya kuilipa.

Na kabla ya yote hayo, kibali. Kenya inaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, chini ya Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usimpe mtu hata shilingi ya arubuni kabla kibali chako hakijatoka, na usinunue bastola ambayo namba iliyochongwa kwenye fremu haifanani na iliyo kwenye karatasi.